Kwenye Skrini Bibi Yako Alikuwa Hai

Tumba, jioni ya kuamkia safari yako

Elisante mwanangu,

Naanza na lile ambalo ningeweza kulifukia mwishoni, au nisiliseme kabisa. Daktari ameona uvimbe kwenye kongosho langu, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Bado hawajui ni uvimbe wa aina gani. Juma lijalo watachukua kipande wakakipime, kisha wataniita. Yule daktari, msichana ambaye sura yake bado ni ya mwanafunzi, alijitahidi kuzungumza taratibu, na kadiri alivyozungumza taratibu ndivyo nilivyozidi kuogopa. Nimekaa na habari hii tangu kabla hatujaanza kufunga mizigo yako. Uliponiuliza kwa nini sili, nilisingizia joto la Agosti.

Kesho asubuhi unapanda treni ya Luleå, kule kaskazini, kwenda kuanza chuo. Mama yeyote wa kwetu angeniambia nifunge mdomo wangu. Mtu anayesafiri hapewi habari mbaya, na mwanafunzi ndiyo kabisa. Mama Njeri, rafiki yangu Mkenya tunayesali naye kwenye ibada ya Kiswahili, alikuja jana kukuletea chapati za safari. Nikamweleza jikoni wakati wewe uko chini unatupa maboksi.

"Wacha kijana aende kwanza," alisema. "Ukimwambia saa hii, hayo masomo atafanya aje? Akishatulia huko, sasa ndiyo umpigie."

"Na akiniuliza nilijua tangu lini?"

"Utamwambia ulikuwa unamlinda. Si ni mtoto wako?"

Sikumbishia. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Lakini baada ya yaliyotokea kwa Bibi, nikikuficha jambo jingine nitakuwa nimekupoteza moja kwa moja, na hilo naliogopa kuliko uvimbe. Hivi sasa uko Skärholmen unaagana na wenzako. Nitaandika mpaka utakaporudi.

Habari za kufua, kupika na kuamka mapema sitaziandika. Wali wako unaiva vizuri kuliko wangu na mimi ndiye niliyekufundisha, kwa hiyo huko utakula. Nataka kukueleza ile wiki ya ukoo, ile tovuti yetu ya familia. Tangu mwezi wa tano kila nikianza kueleza unasema "inte nu, mamma", si sasa, halafu unaingia chumbani. Kwa mdomo nimeshindwa, labda kwa maandishi utanivumilia. Najua kusoma Kiswahili kunakuchosha. Nilijaribu kuandika barua hii kwa Kiswidi, nikaona nimeandika kama shirika la usafiri linaloomba radhi kwa basi lililochelewa, nikaifuta.

Ulikuwa hujaanza hata shule nilipoianzisha. Unajua kazi yangu: natunza wiki ya kampuni, yaani tovuti ambayo mfanyakazi yeyote anaweza kufungua ukurasa akaandika, na mwenzake akaja akasahihisha. Nikafikiri, kazi ninayowafanyia wageni kwa nini nisiwafanyie watu wangu? Nikatengeneza wiki ndogo ya familia. Wewe na mimi tulikuwa hapa. Mjomba wako Anaeli alikuwa Mwanga kwenye duka lake la stationari, na Bibi alikuwa juu Usangi, milimani, na ile simu yake ya vitufe iliyoshika mtandao kwa kubahatisha. Wewe ulichora na kuandika, mimi niliweka ukurasani, Anaeli alichapa, na kila akipanda Usangi alimpelekea mama karatasi zake.

Karatasi za kwanza zilikuwa kichekesho. Zilitoka na kila kitu kilichokuwa kwenye skrini, menyu na vitufe vyote. Bibi alikuwa msomaji mwaminifu. Alianza juu kabisa na kusoma kila neno kwa sauti. "Hariri. Historia. Ingia." Akavua miwani, akamtazama Anaeli. "Sasa mimi niingie wapi?" Tulicheka sana kwenye simu, kisha mimi nikaenda kuitengeneza.

Nikueleze nilivyofanya, maana kosa langu lilianzia kwenye ufundi ambao nilijivunia. Ukurasa wa wiki wenyewe ni maneno matupu. Jinsi yatakavyoonekana, herufi ziwe kubwa kiasi gani, kipi kitokee na kipi kifichwe, huamuliwa na faili jingine tunaloliita faili la mitindo. Faili hilo unaweza kuliambia lifanye kazi kwenye skrini tu, au kwenye karatasi tu, au kote. Programu yetu ya wiki, ya bure na ya kizamani, haikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Ukiipa faili lako, ililitumia kote. Nikafungua kiolezo, ile fremu ambayo kila ukurasa hutiwa ndani yake, nikaongeza mistari yangu kwa mkono: faili hili ni la skrini, na hili ni la karatasi. Kuanzia hapo Bibi akapata herufi kubwa bila menyu wala vitufe, na wewe ukabaki na rangi zako na video zako za mpira.

Nikaongeza na visanduku viwili. Ukiandika kitu ndani ya kisanduku nilichokiita "skrini tu", kwenye karatasi hakitoki. Ukiandika ndani ya "karatasi tu", mtu anayesoma kwenye simu au kompyuta hakioni kabisa. Cha kwanza kilikuwa cha video zako. Cha pili kilikuwa cha kumfafanulia Bibi mambo ya huku, kwa mfano kwa nini mtoto wa chekechea analazwa nje kwenye baridi na hakuna aliyeshtakiwa.

Naye alijibu. Alimtajia Anaeli maneno, Anaeli akaandika ukurasani, mimi nikakusomea. Ulipong'oka jino la kwanza alisema ulitupe juu ya paa ili lije jingine lenye nguvu. Tukatoka kwenye roshani, ghorofa ya nne, ukarusha kwa nguvu zako zote, likaangukia kwenye maua ya jirani wa chini. Ulilia ukidhani umeharibu. Bibi akasema kwa Wazungu hata maua yanatosha, nawe ukatulia. Kiswahili chote ulicho nacho ulikipata humo, kwa mtu uliyemwona ana kwa ana mara chache sana.

Halafu baba yako akahamia Malmö kwa yule mama mwingine. Nikaandika ndani ya "karatasi tu" kwamba amepata kazi huko na anakuja kila akipata nafasi. Wewe sentensi ile hukuiona. Bibi aliisoma, na nadhani hakuiamini, ila hakuniuliza. Ndivyo nilivyozoea. Ukurasa ulikuwa mmoja na wasomaji wawili, na kila mmoja alidhani ameuona wote. Sikuhisi kwamba nadanganya, nilijiambia napanga mambo tu.

Bibi alifariki mwezi wa tatu. Nilikuwa Rinkeby, kwenye lile duka la vyakula vya nyumbani, nimeshika mfuko wa unga wa sembe. Anaeli akapiga.

"Dada, uko wapi?"

"Dukani. Sema."

"Mama ametutoka. Alfajiri ya leo. Alilala tu."

Nikaurudisha unga kwenye rafu. Kisha nikauchukua tena, nikalipa, nikapanda treni ya chini kwa chini hadi mjini na ile nyingine hadi Tumba, na nilipofika nilikuwa nimeshaamua. Ulikuwa mezani na vitabu vya hesabu. Mitihani ya taifa ilikuwa inakaribia. Ukaniuliza kwa Kiswidi kama nimepata unga, nikasema nimepata. Nikasonga ugali, tukala, ukasema leo ni mgumu kidogo.

Kesho yake nilizungumza na Anaeli nikiwa nimejifungia bafuni. Nikamwambia siji kwenye maziko, kwa sababu nikija mtoto atajua. Akaniomba niandike wasifu wa marehemu kwenye ule ukurasa wa Bibi, ambako picha zake zote zilikuwa tayari, ili achape na watu waupate kanisani. Niliuandika ofisini siku hiyo hiyo. Nikaandika kuzaliwa kwake, ndoa yake, watoto wake, ugonjwa wake wa moyo, nikauweka ndani ya "karatasi tu". Kule Usangi waombolezaji walishika mikononi mwao habari kwamba mama yangu amekufa. Hapa Tumba, ukifungua ukurasa ule ule, ulimkuta anacheka kibarazani amebeba bakuli la makande.

Mama yangu alizikwa bila mimi ili wewe ufanye hesabu. Nimeandika sentensi hiyo na ninaiacha uione, ujue akili yangu inavyofanya kazi: hata leo inatafuta wa kumtwisha. Wewe hukuniomba. Hukujua hata kwamba kuna jambo la kuombwa.

Nililia kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo. Nilijiandikisha zamu nyingi mpaka jirani wa ghorofa ya pili akauliza kama tumepata mtoto mchanga. Mapazia yalifuliwa, mablanketi yalifuliwa, majaketi yako yaliyokuwa safi yalifuliwa. Mashine zikiwa zinazunguka hakuna anayekusikia. Nikipanda juu ulikuwa unaniuliza, "Hur mår mormor?", Bibi hajambo? Nami nilijibu hajambo, anakusalimia.

Lile "anakusalimia" ndilo linalonitesa. Kwa kusema hajambo labda ningejitetea. Lakini kukuletea salamu za mtu aliye kaburini, kila Jumapili, nawe unasema msalimie pia, sijui mtu anajiteteaje hapo.

Ukaendelea kumwandikia. Uliandika kwa Kiswahili chako kile cha kupapasa: "Bibi mimi nitavaa kofia nyeupe mwezi wa sita, wewe utaona picha kubwa." Anaeli akanipigia.

"Dada, huyu mtoto anamwandikia marehemu."

"Amalize mitihani kwanza."

"Sawa. Na mimi nikichapa nipeleke wapi?"

"Usichape."

"Nimeshachapa," akasema. "Nilienda nayo kaburini nikaisoma. Sikujua la kufanya."

Nikamwambia asirudie. Ndugu yangu amesimama peke yake kwenye kaburi la mama yetu anasoma maneno ya mwanangu, na nilichoona cha kumjibu ni hicho.

Mwezi wa tano, mitihani yako ikiwa katikati, programu ya wiki ilikuwa inanipigia kelele kwamba toleo lake ni la zamani na si salama. Jumamosi moja nikaisasisha. Kazini sisasishi kitu bila kukagua kila kiolezo nilichowahi kukigusa kwa mkono, na wenzangu hunicheka kwa jinsi ninavyowasumbua. Nyumbani sikukagua. Toleo jipya lilikuja na kiolezo chake, likafuta mistari yangu, na mafaili yangu yote mawili yakaanza kutumika kote. La karatasi ndilo lililosomwa mwisho, kwa hiyo ndilo lililoshinda. Kila skrini ikaanza kuonyesha ukurasa kama unavyotoka kwenye karatasi.

Ulikuwa kituoni Skärholmen unasubiri treni. Ulitaka kuwaonyesha wenzako picha ya Bibi. Simu ikafunguka bila menyu, bila video, kwa zile herufi nilizozikuza kwa ajili ya macho yake, kubwa kiasi kwamba wenzako nao waliweza kulisoma jina lake kutoka pembeni. Kabla ya jina kulikuwa na neno marehemu. Hilo ulilijua.

Uliingia ndani bila kuvua viatu. "Är mormor död?" Bibi amekufa? Nikasema ndiyo. Ukauliza tangu lini, nikasema tangu mwezi wa tatu. Nilianza kueleza habari ya mitihani ukanikatisha, na maneno yako nayakumbuka kwa sababu uliyasema bila hasira yoyote. "Det var bara ett prov, mamma." Ulikuwa mtihani tu, mama.

Na kweli ulikuwa mtihani tu. Hilo ndilo linalonimaliza. Mwalimu wako alitueleza kwenye mkutano wa wazazi kwamba mitihani ile ni sehemu tu ya alama, kwamba mwanafunzi akipatwa na jambo atapangiwa siku nyingine, na kwamba hata ukiharibu yote zipo shule za watu wazima. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Nimekaa nchi hii miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na bado kichwani mwangu mtihani ni ule wa kidato cha sita, ambao ukikuponyoka unarudi shambani na hakuna atakayekuuliza tena ulikuwa na akili gani.

Wangu niliufanya Tanga, shule ya bweni. Babu yako alifariki katikati yake. Mkuu wa shule alijua, matroni alijua, hata mpishi alijua. Sahani yangu ikaanza kuja na vipande vya nyama vya ziada, nikadhani ni bahati yangu. Siku ya mwisho mjomba wangu alikuja kunichukua. Nikamuuliza baba hajambo, akasema twende nyumbani. Nilikuta kaburi limeshaota majani. Nikafaulu, nikapata chuo, nikapata ufadhili wa kuja huku, na watu wote wakasema unaona, angeambiwa ingekuwaje? Nikawaamini. Kila nilicho nacho, na wewe ukiwemo, niliona kimetokana na watu wazima kujua kunyamaza.

Mwezi wa sita ulivaa kofia yako nyeupe ya kumaliza shule. Mama Njeri alipika pilau, watu wa ibada wakaja na bendera na vifijo, ukapiga picha na kila mtu, ukatabasamu inavyotakiwa. Hukupandisha hata picha moja kwenye wiki. Tangu siku ya kituoni hujanijibu kwa Kiswahili hata neno. Kisha mwezi uliopita, tukiwa tunaosha vyombo, ukasema kwa Kiswidi na kwa upole kabisa kwamba umefikiri na umeelewa, kwamba ndivyo mnavyofanya huko kwenu, na kwamba huna hasira tena. Ulisema kwenu. Bora ungeendelea kukasirika.

Ulinipa njia ya kutokea, nikaipokea na kunyamaza. Leo nakurudishia, kwa sababu si ya kweli. Kuna jambo ambalo hulijui, na Anaeli pia halijui.

Mwezi wa kwanza, Bibi akiwa bado ana sauti, aliniambia kwenye simu, "Mimi najua sifiki mbali. Yule mtoto msije mkamficha." Nikamwambia aache maneno hayo. Hakuacha. "Nilikuficha habari ya baba yako kwa sababu walimu na mashemeji walisema hivyo. Ulipokuja ukasimama pale kaburini hukulia, ukanisalimia kama mgeni. Tangu siku ile hukunirudia sawasawa. Usimfanyie Elisante nilivyokufanyia."

Nikamwambia sawa, mama.

Kwa hiyo usiniambie ndivyo tunavyofanya kwetu. Mwanamke aliyenifanyia mimi hivyo, aliyelelewa huko na kuzeekea huko, alishaona kwamba ni kosa na aliniomba nisilirudie. Nilimkubalia, na majani hayajaota juu ya kaburi lake nikalirudia.

Kwa muda mrefu nilidhani sababu ilikuwa mtihani wako. Haikuwa hiyo. Ofisini, wenzangu wakienda kula, nilikuwa nafungua ukurasa wa Bibi. Nilijua kilichomo ndani ya kile kisanduku, nilikiandika mwenyewe. Lakini kwenye skrini mama yangu alikuwa hai, amebeba bakuli lake, na chini yake kuna wewe unamwahidi picha kubwa. Ningekuambia, ingebidi tuanze kusema "marehemu" humu ndani, na mezani, na kwenye simu, na mimi sikuweza kulitamka. Sikuwa nakulinda, Elisante. Nilikuwa nataka pabaki mahali pamoja ambako hajafa, nikakuacha wewe humo uendelee kuzungumza naye ili mimi nisikilize. Nilikutumia. Naona aibu kuliandika hilo kuliko yote niliyoandika.

Sina somo la kukupa hapo. Watu wa umri wangu tunapenda kumalizia masimulizi na somo. Nilichopata mimi ni kwamba mama yangu sikumzika, ndugu yangu ananipigia kwa mambo ya lazima tu, na mwanangu anasema kwenu. Kile kiolezo sijakirekebisha. Nakijua cha kuandika, ni kazi ndogo sana, nimefungua faili mara nyingi nikalifunga. Ukurasa umebaki unaonekana kote ulivyo, pamoja na ile sentensi ya baba yako na Malmö. Ni mbaya kuutazama, na wala haumrudishi mtu.

Sasa kuna huu uvimbe. Nilipotoka hospitali nilianza kupanga kabla hata sijafika kituoni. Nitamwambia Krismasi. Nitavaa nguo pana. Nitasema nimefunga kula kwa ajili ya maombi. Mipango ilikuja yenyewe, tena mizuri, mpaka nikajua nitakavyoishika simu ukinipigia ili usione uso umekonda. Nilikaa kwenye benchi treni mbili zikapita, nikajiogopa.

Ukimaliza kusoma utaniuliza ubaki au uende. Jibu langu la kila siku ni nenda, mimi sina shida, na lingekuwa uongo. Nataka uende. Nataka pia ubaki. Naogopa kungoja majibu peke yangu kwenye nyumba hii, na naogopa vile vile kukuona umekaa hapa miaka yako ya ujana unanitazama ninavyopungua. Sijui kama nitapona. Nilimngoja yule daktari alitamke neno hilo, hakulitamka. Kwa kukuambia leo nimekuharibia safari, hilo najua. Ningekuambia mwezi ujao ningekuharibia vingine. Nilitafuta njia isiyokuumiza sikuiona, nikachukua hii ambayo angalau unaumia ukiwa unajua. Wakati wa Bibi niliamua mimi lini ulie. Safari hii kuamua ni kwako, hata ukiamua nisilolipenda.

Barua hii siiingizi kwenye begi uje uikute umeshafika kaskazini. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla ya chakula, na nitakaa hapo mezani unapoisoma. Neno usilolijua uniulize. Ukitaka kunipigia kelele nipigie, jirani wa chini alishavumilia meno. Na ukitaka kunijibu kwa Kiswidi, nijibu kwa Kiswidi, ili mradi unijibu.

Anaeli nimempigia leo nikamwambia habari ya uvimbe na habari ya simu ile ya mwezi wa kwanza, yote mawili. Hospitali nimewapa namba yako iwe ya kwanza kupigiwa. Majibu wanayatoa Jumanne ile nyingine. Nikijua Jumanne, utajua Jumanne hiyo hiyo, uwe umelala, uwe unacheka na wenzako, uwe katikati ya mtihani.

Mama yako